Moyo Wenye Zipu

Wiki iliyopita nilipeleka sare ya mwanangu kwa fundi hapa Elerai ikapunguzwe. Nilikuwa nimesimama kibarazani kwake na simu mkononi, sina hili wala lile, fundi akalaza kichwa cha cherehani nyuma na kuanza kukitia mafuta. Harufu ikanifikia. Si harufu kali. Ni ya chuma na vumbi la nguo, ina utamu fulani kwa mbali. Mapigo yakaanza kunienda mbio kabla sijajua sababu, nikajikuta nimekaa kwenye benchi la wateja.

"Dada, uko salama?" fundi aliniuliza.

Nikamwambia ni jua tu. Siku hiyo hapakuwa na jua hata kidogo.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Olmotonyi, nina miaka minane au tisa, na ninaogopa.

Mliolelewa na shule ya Jumapili mtaielewa hofu ninayoisema. Haikuwa hofu ya fimbo. Ilikuwa hofu ya kwamba kuna jambo kubwa mno linalotendeka, watu wazima wamekueleza mara moja tu, haraka haraka, kabla ya wimbo wa mwisho, na usipolishika sawasawa kuna mtu atapotea kabisa. Na mtu huyo huenda akawa wa kwenu.

Mwalimu wetu aliitwa Namnyaki. Siku za kazi alikuwa fundi cherehani Ngaramtoni, kwenye kibaraza cha duka karibu na soko. Jumapili alipanda hadi kwetu kufundisha watoto katika darasa la chekechea nyuma ya kanisa. Nikipiga hesabu leo naona alikuwa msichana bado, lakini kwetu sisi alikuwa mtu mzima kamili, mrefu, mwenye mwanya, na nguo zake zilinuka mafuta ya cherehani hata alipovaa za kanisani. Hatukuwa na vitabu vya picha, kwa hiyo alitushonea. Alitushonea samaki mkubwa aliyemtapika Yona kupitia tundu la kifungo, na ukuta wa Yeriko wa vipande vya mashuka ambao ulianguka wote akivuta uzi mmoja. Tulimsubiri wiki nzima tuone safari hii ataleta nini.

Jumapili moja akaleta moyo.

Ulikuwa wa kitambaa chekundu cha kung'aa, masalio ya gauni la harusi la mteja, umejazwa sufi, mkubwa kama mto wa kulalia. Katikati aliutia zipu nyeusi ya suruali. Aliifungua, akachomeka humo picha ya Yesu aliyoikata kwenye kalenda, akaacha kichwa kikichungulia.

"Huu ndio mlango wa moyo," alisema. "Mlango ukiwa wazi, Yesu anaingia, anakaa."

Kisha akaitoa ile picha, akaivuta zipu hadi mwisho. Mlio wa yale meno ya chuma ulipita darasani kote.

"Mlango ukifungwa, yuko wapi?"

"Nje!" tulijibu.

"Huko nje kuna nini?"

Hilo halikuhitaji kufikiri. Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka kwenye misonobari mpaka madirishani, na nusu yetu tulikuwa na kamasi.

"Baridi!"

"Basi usikubali moyo wako ufungwe," alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Hata siku moja. Hata mtu akikubembeleza."

Nilikwenda nyumbani nikimwona Yesu amesimama kwenye migomba yetu, joho limelowa.

Mwalimu alikuwa na agizo lake la kila Jumapili: ukifika nyumbani, mfundishe yule ambaye hakuja. Kwetu yule ambaye hakuja alikuwa mdogo wangu, Elibariki, tuliyemwita Eli. Alikuwa hajaanza shule. Hakuweza kukipanda kilima cha kanisani. Akitembea kidogo tu midomo ilimgeuka rangi ya zambarau, akachuchumaa katikati ya njia kama mtu aliyedondosha kitu, akasubiri pumzi zimrudie. Hakulia. Aliinua mkono tu, kutuambia tumsubiri. Mama alilala naye, kiganja chake kikiwa kifuani kwa Eli. Wakati mwingine aliniruhusu nami niweke changu. Chini ya mbavu zile nyembamba kulikuwa na kitu kinatetemeka, kama paka anapokoroma.

Siku moja baba na mama walirudi kutoka hospitali ya mjini jioni. Baba alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na siku hiyo hakuvua hata koti. Mimi nilikuwa kwenye kizingiti cha jiko nachambua maharage. Aliketi karibu na moto mbele ya koko, mama yake, aliyeishi nasi. Koko ndivyo tulivyomwita bibi.

"Wameona ugonjwa, mama," baba alisema. "Ana tundu kwenye moyo. Amezaliwa nalo."

"Tundu?"

"Tundu. Wanasema linaweza kufungwa. Atafunguliwa kifua, walishone. Ni Dar, kwa madaktari wa moyo. Tumepewa nafasi."

Koko aliuchokoa moto kwa muda mrefu. Ndiye aliyekuwa akimwombea Eli tangu azaliwe, alfajiri, kwa sauti, kwa Kimaa, mpaka jogoo naye akanyamaza. "Mtoto hapasuliwi kifua kama mbuzi," alisema mwishowe.

"Bila hivyo hatakua, mama."

"Nani kasema? Mungu au daktari?"

Waliendelea, lakini mimi nilikuwa nimeacha kusikia. Maharage yalinidondoka miguuni. Tundu kwenye moyo. Litafungwa. Kila kitu kikaingia mahali pake kwa namna iliyonitisha. Kumbe Eli hakuwa mgonjwa! Sisi wengine tulihitaji nyimbo na maombi ili milango yetu ifunguke, yeye alikuwa amezaliwa nao wazi. Na kile kilichotetemeka kifuani mwake, kile nilichokishika kwa mkono wangu mwenyewe, kingekuwa nani mwingine? Sasa wangemchukua mpaka Dar, mahali ambapo hakuna anayetufahamu, wambembeleze, kisha wauvute mlango ule, waufunge.

Sikumwambia mtu. Mtoto akiwa na jambo zito kiasi hicho hajui aanzie wapi kulisema. Niliacha kula vizuri. Shuleni sikuisikia kengele. Usiku nilihesabu pumzi za Eli kupitia ukuta wa mbao, na zikichelewa nilikaa kitandani wima nikisubiri.

Mwishowe nikaona ni lazima nimwandae. Kama walikuwa wanafunga, basi afungiwe ndani, asibaki nje. Nikampeleka Eli nyuma ya migomba, nikamkalisha juu ya gunia.

"Eli, Yesu yumo?"

"Wapi?"

"Moyoni mwako. Msikilize."

Akatulia, macho juu. "Yumo labda. Anakula nini?"

"Hali. Sikiliza. Huko Dar watakushona moyo. Sasa wewe mwambie akae nyuma kabisa, mbali na mlango. Wakimkuta mlangoni watamtoa."

Eli alifikiri. Alikuwa na kawaida ya kufikiri huku amekunja kidole gumba ndani ya ngumi. "Baba alisema moyo wangu umechoka," alisema. "Yesu ni mzito?"

Sikuwa nimefikiria uzito. Nilimtazama mdogo wangu, shingo yake nyembamba, mshipa unaruka. "Si mzito," nilisema, bila kujua.

"Basi mimi sitaki kushonwa. Akibaki nje atapata kikohozi."

Kabla sijamwomba anyamaze alikuwa ameamua. Usiku huo tulikula loshoro, mahindi kwa maziwa mgando, chakula alichokipenda kuliko vyote, naye akasukuma bakuli lake katikati ya meza.

"Sitakwenda Dar," alisema. "Wakinishona, Yesu atabaki nje."

Kijiko cha koko kilisimama njiani. "Nani amekwambia hivyo?"

Eli akaninyooshea kidole.

Nilitegemea kugombezwa. Ningefurahi kugombezwa. Badala yake koko alinyanyuka, akazunguka meza, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ameonyeshwa," alimwambia baba. "Mmewauliza madaktari, hamkumuuliza Mungu. Sasa amemtumia mtoto."

"Mama, huyu ni mtoto tu."

"Na Samweli, Mungu alipomwita usiku, hakuwa mtoto?"

Baba alimtazama Eli, kisha mimi. Nilimwona. Kumbe naye alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa imepata mahali pa kujishikiza. Akamgeukia mama. "Labda tungoje kidogo, Mama Nashipai," alisema. Nashipai ni mimi. "Tungoje tuombe kwanza."

Mama alisimama. Alilichukua bakuli la Eli, akalifunika kwa sahani, akaenda nalo jikoni, na tukasikia limeanguka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona. Kina mama wa maombi walikuja nyumbani, wakajaza sebule. Walinikalisha katikati, wakaniuliza kwa sauti za chini, kana kwamba nami nimekuwa mgonjwa. Mmoja akaniuliza, "Ulimwona Yesu mwenyewe?"

"Ndiyo," nilisema, kwa sababu sote darasani tulimwona.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Joho jeupe. Na mkanda wa bluu. Hana miguu."

Wakashika vifua. Miguu ilikuwa imekatwa na mkasi wa mwalimu pamoja na tarehe za kalenda, lakini hakuna aliyeniuliza hilo, na mimi sikujua kwamba ni la kuulizwa. Waliimba, walilia, koko alilia kuliko wote. Niliwatazama nikadhani sasa wamelielewa tatizo, watatafuta njia. Lakini hawakutafuta njia yoyote. Waliimba, wakanywa chai, wakaondoka, na Eli siku ile ile alizimia akitoka chooni. Mama alimkuta amelala kwenye majani, macho yamefumba nusu. Alimbeba hadi ndani bila kupiga kelele. Ule ukimya wake ndio uliofanya nianze kushuku kwamba watu wazima walikuwa wanasema jambo moja na mimi nilikuwa nimesema jingine.

Siku ya soko nilimfuata mama Ngaramtoni. Alikwenda kuuza ndizi. Alipoanza kubishana bei na mteja nikapenya katikati ya wachuuzi wa viatu na mbuzi waliofungwa kamba, mpaka kwenye kibaraza cha Mwalimu Namnyaki. Alikuwa anashona, mguu unakanyaga, nguo ya kijani inakimbia chini ya sindano, mwenye nguo kakaa pembeni anaisubiri. Harufu ile ya mafuta ilinipokea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nashipai! Umekuja na nani?"

"Mwalimu, mtu akishona," nilisema, "anaweza kuacha kidogo?"

"Kuacha nini?"

"Nafasi. Ndogo tu. Kama ya picha kupita."

Akacheka. "Inategemea unashona nini. Unataka nikushonee mfuko?"

"Moyo wa Eli. Una tundu, wanataka kulifunga. Nataka wewe uwaambie waache kidogo. Wewe ni fundi, watakusikia."

Mguu wake ulisimama. Cherehani iliendelea kidogo kwa nguvu ya gurudumu, kisha nayo ikasimama.

"Eli mdogo wako? Yule wanayesema..." Hakumaliza. Habari za mtoto aliyeonyeshwa zilikuwa zimeshateremka hadi sokoni. "Nashipai, nani alikwambia kwamba wakilifunga Yesu atabaki nje?"

Nilishangaa swali lile. "Wewe," nilisema.

Sijawahi kusahau jinsi uso wake ulivyobadilika. Aliweka mkono mdomoni, akaufunika mwanya wake. Nje watu walikuwa wanapita, mtu anauza ndoo kwa kupiga kelele, na mwalimu wetu alikaa hivyo akinitazama kana kwamba nimemletea taarifa ya msiba.

"Moyo ule ulikuwa wa kitambaa," alisema taratibu. "Nilitaka mwelewe kuhusu... kuhusu kupenda. Si ule wa nyama, ulio hapa."

"Kwa hiyo tuna mioyo miwili?"

Akaokota kipande cha uzi, akakizungusha kidoleni.

"Eli yeye ana mmoja," nilisema, na sasa nilianza kulia. "Daktari ameuona, ni mmoja tu."

Alitoka nyuma ya cherehani, akapiga magoti kwenye sakafu yenye vipande vya nyuzi, akanikumbatia. "Hatatoka," alisema. "Watashona, na hatatoka."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Hilo lilikuwa jibu la watu wazima wasiojua. Nilimsikia akimeza mate karibu na sikio langu, na nikajua naye anaogopa.

Lakini hakuniacha hapo. Alifunika cherehani kwa kitambaa, akamwacha mteja mwenye nguo ya kijani akilalamika, akanishika mkono mpaka kwa mama. Walizungumza pembeni, nyuma ya mikungu ya ndizi. Mama alisikiliza akitazama chini. Kisha akauliza neno moja tu, nikalisikia:

"Zipu?"

"Zipu, Mama Nashipai. Nisamehe."

Mama alicheka, kicheko kifupi kibaya, halafu akaegemea begani kwa mwalimu na kubaki hapo.

Jioni ile ile mwalimu alipanda kwetu na ule moyo umefungwa kwenye kanga. Koko alikuwa kwenye kigoda chake barazani, baba kasimama mlangoni na tupa ya kunolea msumeno mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, mwalimu. Umekuja kumwona mtoto wetu aliyeonyeshwa?"

"Nimekuja kusema hakuonyeshwa." Akaifungua kanga, akaweka moyo mapajani mwa koko. "Ni mimi niliwafundisha watoto hivi." Akaeleza yote, zipu, kalenda, joho, mpaka miguu iliyokatwa. Alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesoma kosa lake mbele ya darasa.

Koko aliivuta zipu ikafunguka. Akaifunga. Akaifungua tena. Picha ya Yesu ilikuwa bado imo, imekunjamana.

"Na wewe unajuaje," koko aliuliza, "kwamba Mungu hakusema kwa hiyo zipu yako?"

"Sijui, bibi," mwalimu alisema. "Ninachojua ni kwamba mtoto huyu amekuja kuniomba madaktari waache nafasi ndogo. Hakuniomba waache kushona. Nyie ndio mmesikia waache."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji, na Eli amejificha nyuma yangu, pumzi yake fupi ikinipiga mgongoni. Kisha mama akatoka jikoni. Mama hakuwa mtu wa kumjibu mkwewe. Alisimama mbele ya koko na mikono yake ina unga.

"Mimi ndiye ninayelala na mkono kifuani kwake," alisema. "Kila siku nasubiri moyo wake uache kutetemeka. Mama, naomba radhi yako, lakini mtoto nitampeleka. Baba yake akitaka kuja, aje."

Koko aliukumbatia ule moyo mwekundu. Alikuwa anaonekana mdogo ghafla. "Nimewazika wawili," alisema, akimaanisha watoto wake, wale ambao picha zao hazikuwahi kupigwa. "Wawili walizikwa na hakuna aliyewagusa kwa kisu. Huyu mnataka nimzike amekatwa?"

Baba akaweka tupa chini. Alikuja kuchutama mbele yake. "Tutakwenda, mama," alisema. "Utuombee. Lakini tutakwenda."

Walipanda basi la alfajiri. Eli alivaa sweta la kijani na kofia, akanipungia kwa kidole gumba kilichokunjwa ndani ya ngumi. Nilibaki na koko, na nyumba ikawa kubwa. Koko hakusema nami juu ya jambo lile. Alinipikia, alinisuka nywele akivuta mno, na alfajiri sikusikia tena maombi yake ya sauti. Hilo lilinitisha kuliko kitu chochote. Nilichungulia, nikamkuta amepiga magoti kitandani, mdomo wazi, hakuna neno linalotoka.

Baba alimpigia koko simu: wamempokea. Akapiga tena: amepimwa. Akapiga tena: ameingizwa chumba cha upasuaji. Kisha: ametoka, lakini hajaamka, yuko kwenye mashine. Baada ya hapo simu ikakaa kimya, na koko akaanza kutembea nayo imefungwa kwenye kona ya kanga, kifuani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya watoto, ile ambayo watoto ndio huongoza ibada na kila mmoja husimama mbele kusema mstari aliokariri. Mwalimu Namnyaki alikuwa ameniambia naweza kukaa tu. Koko ndiye aliyesema niende. Kanisa lilijaa, watoto wamevaa nyeupe, harufu ya mafuta ya nazi na viatu vilivyosuguliwa. Nilipofika mbele mstari wangu ulikuwa umetoweka. Niliona nyuso, niliona mwalimu pembeni akinitamkia mstari kwa midomo tu, na kichwani sikuwa na kingine isipokuwa Eli na mashine.

Simu ikalia.

Ililia kwa sauti kubwa kabisa, wimbo wa kwaya, kutoka kwenye safu ya akina bibi. Mchungaji aligeuka. Koko alihangaika na fundo la kanga, vidole havimtii, na watu wakaanza kugeuza shingo. Alipoitoa hakukimbilia nje kama mtu mwingine angefanya. Alisimama pale pale, akaiweka sikioni, akapaza sauti jinsi wazee wanavyowapazia watu wa mbali.

"Ameamka?"

Kanisa zima likatulia. Mtoto mchanga tu alikuwa analia, na mama yake akampa ziwa haraka.

"Sema tena! Ameamka?" Akasikiliza. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshika bega la mama aliyekaa mbele yake, umelibana. "Anataka nini? Chai?" Akaishusha simu, akatutazama wote kana kwamba sote tulikuwa sebuleni kwake. "Ameamka," alisema. "Anadai chai, na hawampi."

Mwalimu Namnyaki alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama, na gauni lake jeupe. Mimi sikusema mstari wangu. Mchungaji alinirudisha kwa watoto wengine, akaanzisha wimbo, lakini uliimbwa vibaya sana kwa sababu watu walikuwa wanalia.

Mwalimu aliufumua ule moyo wa zipu. Alitushonea kondoo badala yake, kondoo mwenye masikio makubwa asiye na mlango wowote, na tangu siku hiyo kila alipomaliza kufundisha alituuliza: "Haya, nimesema nini?" Akasikiliza majibu yote, hata ya wadogo kabisa, hata kengele ikilia. Koko alimwalika chai mara nyingi. Waliketi barazani wakibishana mambo ya Mungu mpaka jua likazama nyuma ya mikaratusi, na sikumbuki ni nani aliyewahi kushinda. Eli sasa ana ndevu na ananizidi urefu, na hakumbuki karibu chochote.

Lakini siku waliyorudi alikuwa bado mdogo, mwembamba zaidi ya alivyoondoka, midomo yake ina rangi ya waridi ambayo sikuizoea, ananuka hospitali. Majirani walijaa hadi giza likaanza kuingia. Nilisubiri. Hofu yangu haikuwa imekwisha. Ilikuwa imekaa tu pembeni na kungoja zamu yake. Walipoondoka wote, mama akaenda kumwaga maji, nikapanda kitandani karibu naye. Alikuwa anakula loshoro kwa kijiko kikubwa, na bendeji ikionekana kwenye ukosi wa shati lake.

"Eli," nilinong'ona. "Walipofunga. Yesu alibaki ndani au nje?"

Alitafuna, akameza. Akanitazama kama mtu anayetaka kusaidia.

"Sijui," alisema. "Mimi nilikuwa nimelala."

Akaninyooshea bakuli nikamwongezee.